Rudi Pale Ulipolia: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Filamu

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa jijini. Tulipewa kazi ya kuchambua filamu ya Supa Modo. Niliitazama mara mbili, na mara zote mbili nimelia. Nikaandika kurasa sita. Mhadhiri alinipa alama 9 kwa 20, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umesimulia hadithi tu. Maana iko wapi?" Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Kweli, maana iko wapi? Na nitaijuaje nikiiona?*
*Mwanafunzi, Kasarani*

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako nzima nimeshikwa na maneno manne: "mara zote mbili nimelia". Hebu niambie, katika zile kurasa sita uliandika kwamba ulilia? Uliandika ni wapi hasa? Nadhani hukuandika, kwa sababu shuleni hakuna aliyewahi kutupa alama kwa ajili ya machozi. Basi rudi hapo. Rudisha filamu mpaka pale koo lilipokukaba, kisha irudishe nyuma dakika tano zaidi, utazame polepole jinsi ulivyofikishwa hapo. Kuna watu walikaa miezi wakipanga wewe ulie mahali pale. Kazi uliyopewa ni kuona walichokipanga.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa mmoja wa watu hao. Kabla ya kufundisha nilikuwa mhariri wa filamu kwa miaka kumi na tisa, na siku hizi kila Jumamosi asubuhi nakutana na vijana katika chumba kimoja cha orofa ya tatu huko Ngara, tunatazama filamu na kuzijadili. Kila kundi jipya huja na mazoea ya setibuku. Nikiuliza filamu imewaambia nini, najibiwa kama tuko kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili: maudhui ya umaskini, maudhui ya ufisadi, nafasi ya mwanamke, mbinu rejeshi. Hawajakosea. Ila orodha hiyo angeweza kuiandika mtu aliyesoma maelezo ya jaladani kisha akaenda kulala. Miongozo ilituzoesha kuamini kwamba maana ni chakula kilichokwisha kupikwa, chetu ni kupakua. Inaniuma, maana vijana hawa hawa wana macho makali. Mpeleke mmoja wao stejini saa moja jioni, atakwambia makanga yupi amegombana na dereva wake kabla hawajafungua mdomo. Akiketi mbele ya filamu, anayafunga macho hayo na kutafuta maudhui.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, Supa Modo ni filamu ya mwaka 2018 iliyoelekezwa na Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa, ana ugonjwa usiotarajiwa kupona. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini Maweni, aishi nyumbani siku zilizobaki. Jo anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba hata yeye anazo. Mwishowe kijiji kinashika kamera kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Hapo nimesimulia, na bila shaka ndivyo kurasa zako zilivyokuwa. Hakuna ubaya, kwani bila hadithi huna pa kusimama. Sasa tazama jambo moja dogo: mama yake Jo ni mkunga. Angeweza kuwa muuza mboga, mwalimu au karani wa kaunti, na hadithi isingepungua kitu. Walimpa mikono ya kupokea watoto. Mwanamke anayeitwa usiku na mchana kila mtu anapokuja duniani, sasa anaketi na wa kwake anayeondoka, na ujuzi wake wote haumsaidii. Ukishaliona hilo, kila anapomzuia Jo kutoka nje unasikia kitu kingine chini ya ule ukali. Kazi yake yote imekuwa kufungua mlango, na sasa anausukuma kwa bega ili usifunguke. Hapo umeacha kusimulia.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalonifanya niipende filamu hii. Kijiji kinamdanganya mtoto. Ni kwa upendo, lakini ni uongo. Na filamu yoyote ni nini? Ni watu wazima waliokubaliana kutuonyesha kisichokuwepo. Tulipokaa gizani tukimlilia Jo, nasi tulikuwa tunadanganywa kama yeye, na tuliridhia. Kwangu mimi, Supa Modo inauliza kama uongo wa aina hiyo una haki ya kusimama mbele ya kifo, na inajibu kwa kutufanya tuutamani. Wewe huenda ukaona vingine. Unaweza kusema Mwix alimkosea mdogo wake, kwamba mtoto alistahili kuambiwa ukweli. Sema bila kuogopa, ila unionyeshe ni wapi kwenye filamu unapopata hilo. Pale Ngara nimeliandika ubaoni na halifutwi: "Nionyeshe wapi." Mtu akisema filamu inahusu upweke, namuuliza: ni shoti gani, yaani kipande gani cha picha kati ya mkato na mkato? Mtu huyo amekaa upande gani wa fremu? Nani mwingine alikuwemo na ameondolewa? Akiweza kunyoosha kidole, maana yake nimeipokea hata kama si yangu. Asipoweza, amekuja nayo kutoka nyumbani.

Sasa nijibu swali lako lenyewe, iko wapi. Mara nyingi iko kati ya picha mbili, mahali ambapo hakuna picha.

Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lilinipa kazi ya kuhariri filamu fupi kuhusu mradi wa maji katika mtaa mmoja wa mabanda. Nilikuwa na shoti mbili nzuri. Katika moja, mgeni wa heshima anakata utepe kwenye bomba na watu wanapiga makofi. Katika nyingine, mama ameketi juu ya mtungi wa njano wa lita 20, kidevu kiganjani, anatazama mbele. Nilipomweka mama kwanza kisha utepe, alikuwa mtu aliyesubiri muda mrefu na sasa kusubiri kumekwisha. Nilipoweka utepe kwanza kisha mama, bomba lilikauka. Shoti zilikuwa zile zile, bila neno lililoongezwa. Ukweli ni kwamba mama yule alipigwa picha wiki mbili baada ya sherehe, na bomba lilikuwa limekauka kweli. Nikaagizwa aje kwanza. Nilitii, filamu ikaonyeshwa hotelini, watu wakapiga makofi, na kiganja cha yule mama sijakisahau. Tangu hapo siwezi kumwacha mwanafunzi apite mkato wa picha bila kujiuliza kipi kimetangulia na kwa faida ya nani.

Waliokuja kabla yetu walilijua hili zamani. Nchini Urusi, katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov alichukua uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na kuuunganisha na picha tofauti. Mwanafunzi wake, Vsevolod Pudovkin, alisimulia baadaye zilikuwa picha gani: bakuli la supu, mwanamke aliyekufa ndani ya jeneza, msichana mdogo akichezea dubu wa bandia. Kwa masimulizi yake, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoitazama supu kwa mawazo mazito, alivyomhuzunikia marehemu, alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Huzuni waliileta wao wenyewe na kuibandika usoni. Kwa hiyo ukisoma uso wa Jo au wa mama yake, jiulize pia ulionyeshwa nini sekunde mbili kabla.

Kisha kuna muda. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Niliwahi kuhariri tukio la mwanamke anayepokea simu ya habari mbaya. Anasikiliza, anakata simu, na mimi nikakata hapo hapo nikaenda tukio lingine. Mwelekezi akaniomba niongeze sekunde nne baada ya simu, yaani picha 96. Nilibisha, nikamwambia hakuna linalotokea ndani ya sekunde hizo. Akasema niongeze tu. Tulipotazama, katika sekunde ya tatu mwanamke anaivuta leso yake kiunoni aikaze, na pindo linanyooka, na maandishi yanasomeka: *Japo sipati tamaa sikati*. Sijui kama mvalishaji aliichagua au ndiyo iliyokuwa sandukuni siku hiyo. Haidhuru. Kwenye skrini iko, na sekunde nne zinampa mtazamaji nafasi ya kuisoma. Mtazamaji wa Berlin ataona kitambaa kizuri. Mtazamaji wa Majengo atasoma barua nzima ambayo mwanamke yule hakuitamka.

Nimeleta leso kwa sababu najua mnavyofundishwa ishara: nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi, mvua ni huzuni. Tupa orodha hiyo. Mvua ya Machi kwa mkulima wa Kirinyaga si huzuni hata kidogo. Kitu huwa ishara pale filamu yenyewe inapokishughulikia: inarudi kwake mara ya pili na ya tatu, au inakaa nacho muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji, au inakiondoa mahali tulipokizoea. Kikombe kilichoonekana mara moja mezani ni kikombe. Kikombe hicho hicho kikioshwa na mtu mwingine mwishoni mwa filamu, hapo uandike.

Ukiandika upya, usichukue filamu nzima. Chagua dakika tatu zile zilizokuliza. Zitazame mara moja kama kawaida. Mara ya pili zima sauti kabisa, uone nani yuko karibu na nani, nani ameketi, nani amesimama. Mara ya tatu igeuzie skrini mgongo, usikilize: muziki umeingia lini, umenyamaza lini, kuna sauti gani ya nyumba au ya barabara ambayo hukuwa umeisikia. Andika ulichokiona kwanza, bila neno "maana" popote. Ukimaliza kurasa mbili za namna hiyo, soma tena mwenyewe. Utashangaa ni sentensi chache tu zimebaki za kuongeza.

*

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tumebishana kuhusu mwisho wa Nairobi Half Life hadi watoto wakatuomba tunyamaze. Yeye anasema Mwas ameokoka, kwani jukwaa ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Mimi nasema amepoteza kila kitu, na sasa watu wanamtazama kama burudani. Nani kati yetu amesema kweli? Au tungojee mwelekezi mwenyewe aseme?*
*Mama wa watoto wawili, Umoja*

Dada yangu, nimefurahi kwamba filamu ya mwaka 2012 bado inawakosesha usingizi nyumbani kwenu. Filamu hiyo ya David "Tosh" Gitonga ni ya kijana anayetoka kijijini kuja Nairobi awe mwigizaji. Anaibiwa siku ile ile anayofika, anaangukia katika genge la wezi wa vipuri vya magari, na wakati huo huo anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza. Wenzake wa genge wanauawa, na sisi tunamwacha Mwas jukwaani mbele ya watu.

Mume wako anamtazama Mwas. Wewe, nadhani, uliwatazama waliokaa vitini, na hapo ndipo mlipoachana njia. Jaribuni kubadilishana. Mwambie mume wako awafikirie wale watazamaji: ni watu waliolipa kiingilio na kuacha magari yao nje, yale yale ambayo vioo vyake vya pembeni vijana wa genge walikuwa wakiving'oa. Wanampigia makofi mtu ambaye wangemkuta barabarani wangemwitia kelele za mwizi. Wewe nawe rudi kwa Mwas, ukumbuke kule kijijini alivyokuwa akiigiza ili kuuza kanda za filamu, na jinsi alivyotamani jukwaa lile. Ushindi upo. Jina la filamu linasema nusu, na mimi naamini liliwekwa makusudi: kila nusu ya maisha yake inailipia nyingine. Kwa hiyo nyote wawili mmeshika kitu cha kweli, na kila mmoja amekiachilia cha mwenzake.

Kuhusu kumngojea mwelekezi, msikilizeni akisema, lakini kama shahidi mmoja kati ya wengi. Nimekaa na waelekezi usiku kucha mezani, na nimewaona wakigundua wenyewe, asubuhi, kwamba tukio limesema jambo ambalo hawakulipanga, kama lile la leso. Likishakuwa kwenye skrini ni lako pia.

Na usiruhusu mtu akwambie kwamba kubishania mwisho ni upuuzi. Mwaka 2018 bodi inayoainisha filamu nchini iliipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Alikataa. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba, na foleni zikajaa. Uone jinsi dakika za mwisho zinavyobeba uzito: hadithi ile ile, wasichana wale wale, ila wangemaliza kwa majuto, maana yote ingegeuka ikawa onyo. Mamlaka iliisoma filamu vizuri sana, kwa kuwa ilijua hasa pa kugusa. Kila mara filamu inapofika mwisho, jiulize ingekatwa dakika moja mapema ingesema nini.

*

*Sasa Mwalimu. Mimi ni mtu wa bodaboda. Filamu nazitazama zile za DJ, anazozisimulia kwa sauti yake juu ya picha, kwa simu, nikingoja wateja. Kakangu aliyesoma ananiambia hizo si filamu, DJ ameziharibu na sitawahi kuelewa maana. Ni kweli?*
*Msomaji, Kayole*

Poa sana, ndugu yangu. Mwambie kakako nimesema hapana.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukienda Shan pale Ngara, jumba ambalo siku hizi ni Sarakasi Dome, kutazama filamu za Kihindi. Kati yetu hakuna aliyejua lugha hiyo. Jirani yetu mmoja, kijana mkubwa, alikuwa akiketi katikati ya safu na kutusimulia kwa sauti ya chini: huyu ni kakake aliyepotea, huyu mama anamficha siri, ngoja uone. Naye Kihindi hakukijua hata neno. Alikuwa akisoma macho, mavazi, muziki ulipopanda, nani alishindwa kumtazama nani. Baada ya miaka mingi nilikutana na mojawapo ya filamu hizo ikiwa na tafsiri ya maandishi chini. Majina aliyakosea yote, na yule kaka aliyepotea kumbe alikuwa rafiki tu. Lakini siri ya mama aliipata sawasawa, na hata dakika ambayo mama anajua kwamba imefichuka aliipata. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa filamu, na nina deni lake mpaka leo.

DJ Afro na wenzake wanafanya kazi hiyo hiyo kwa vipaza sauti. Wanakuletea steringi nyumbani, wanampa jina la mtaani, wanakwambia huyu adui ana madharau, wanacheka unapotakiwa kucheka. Hiyo ni tafsiri, na tafsiri nzuri ina jasho ndani yake. Jambo moja tu ninalotaka ujue: DJ haogopi kitu kama anavyoogopa kimya. Mahali ambapo filamu imenyamaza makusudi, mtu ameketi peke yake kitandani na hakuna muziki, DJ lazima aseme kitu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Na huenda mwelekezi alitaka ukae na kimya kile mpaka kikusumbue.

Kwa hiyo fanya hivi siku wateja wakiwa wachache. Chukua filamu unayoipenda ya DJ, uitafute ile yenyewe isiyo na sauti yake, na utazame dakika kumi tu, zile dakika kumi unazozikumbuka zaidi. Kisha niandikie unieleze ni wapi filamu ilikuwa kimya, na DJ alisema nini hapo.